Kuchonga mwili bila kisu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu gharama

Ukurasa huu ni wa mtu anayefikiria kupunguza mafuta ya tumbo, kiuno, mapaja au chini ya kidevu kwa mashine au sindano, bila kupasuliwa, na anataka kujua fedha zake zitakwenda wapi. Hakuna orodha ya bei hapa. Kuna maelezo ya jinsi bei inavyojengwa, ili bei yoyote utakayopewa uweze kuifungua mwenyewe na kuona kilichomo ndani.

Kwa nini kliniki hazinitajii bei kamili kwenye simu?

Mara nyingi si kwamba wanaficha. Anayepokea simu hajaliona tumbo lako. Watu wawili wanaovaa saizi moja ya suruali wanaweza kuhitaji kazi tofauti kabisa: mmoja ana nyama uzembe kidogo pembeni mwa kiuno, mwingine ana mafuta yaliyotandaa kuanzia chini ya matiti hadi kinenani. Bei ya jumla hujulikana baada ya mtu mwenye ujuzi kuyabana mafuta hayo kwa vidole, kupima unene wake na kuangalia ngozi ikoje.

Ila kuna kitu wanachoweza kukuambia hapo hapo kwenye simu: bei ya kipimo kimoja wanachouzia, iwe ni mzunguko, kipindi au chupa ya dawa. Kliniki inayokataa kusema hata hilo mpaka ufike na ukae kitini, mimi ningetafuta nyingine.

Nitapungua kilo ngapi kwa fedha hizo?

Huenda usipungue hata moja, na hili ndilo swali linalookoa fedha nyingi kuliko yote ukurasani. Matibabu haya hayakubuniwa kwa ajili ya uzito. Kazi yake ni kupunguza unene wa tabaka la mafuta lililo chini ya ngozi, sehemu moja tu ya mwili. Kwa kugandisha mafuta, yaani kuua seli zake kwa baridi, tafiti nyingi zinaonyesha kwamba tabaka hilo hupungua kwa takriban asilimia 20 hadi 25 kwenye sehemu iliyoguswa. Suruali italegea kiunoni, lakini mizani inaweza kukaa palepale.

Jipime kabla ya kwenda popote. Simama, bana tumbo lako kwa vidole. Mafuta unayoweza kuyashika na kuyavuta ndiyo mashine inayoweza kuyafikia. Kama tumbo limejaa lakini ni gumu na hakuna cha kushika, hayo ni mafuta yaliyo ndani, yanayozunguka matumbo na ini. Hakuna mashine ya juu ya ngozi inayoyafikia, hata ulipie mara kumi. Hayo hupungua kwa ulaji, mazoezi na, pale daktari anapoona inafaa, dawa za kupunguza uzito.

Vivyo hivyo kwa tumbo lililolegea baada ya kujifungua. Kama kilichobaki ni ngozi tupu iliyonyauka, kuondoa mafuta chini yake kunaweza kuifanya ilegee zaidi. Inaniuma kuona mtu amelipa fedha nyingi kwa tatizo ambalo kifaa kile hakikuundwa kulitatua, wakati uchunguzi wa dakika 10 ungetosha kumwambia ukweli.

Mzunguko, kipindi, eneo: tofauti yake ni nini?

Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa sababu maneno haya matatu hutajwa kana kwamba ni kitu kimoja.

Mzunguko ni kule kubandikwa kichwa cha mashine mahali pamoja kwa muda wake kamili, kwa kawaida dakika 35 hadi 60 kwa mashine za kugandisha. Kikiondolewa na kubandikwa pembeni yake, huo ni mzunguko wa pili, na unalipiwa.

Kipindi ni siku uliyofika kliniki. Kwenye kipindi kimoja unaweza kufanyiwa mzunguko mmoja au minane.

Eneo ni neno la kuangalia kwa makini kuliko yote, kwa sababu halina kipimo. Kwa kliniki moja tumbo ni eneo moja. Kwa nyingine kuna tumbo la juu na la chini, kulia na kushoto, yaani maeneo manne. Mapaja ni mawili, mikono ni miwili, na kiuno kina pande mbili. Tangazo linapotaja bei ya "eneo", uliza: ni mizunguko mingapi, na ni upande mmoja au zote mbili?

Nionyesheni hesabu yenyewe.

Tuseme kliniki ya kwanza inatangaza mzunguko mmoja kwa 100, fedha yoyote unayotumia. Unafika na 100 zako. Unapimwa: tumbo linahitaji mizunguko 4, kiuno mizunguko 2. Hiyo ni 600. Kisha unaambiwa, na ni kweli, kwamba tumbo lako lina mafuta ya kutosha kuhitaji raundi ya pili baada ya miezi miwili au mitatu. Mizunguko 4 mingine, 400. Kazi nzima ni 1,000, mara kumi ya ile namba iliyokuleta.

Kliniki ya pili inatoza 140 kwa mzunguko. Kwenye tangazo inaonekana ghali. Lakini vichwa vya mashine yao ni vikubwa zaidi, kwa hiyo tumbo zima linahitaji mizunguko 2 na kiuno 2. Raundi ya kwanza ni 560, ya pili kwa tumbo peke yake ni 280. Jumla ni 840.

Namba hizi ni za mfano, lakini umbo la hesabu ni hilo hilo kila mahali. Bei ya mzunguko mmoja haikuambii kitu kama hujui idadi ya mizunguko, na idadi ya mizunguko haikuambii kitu kama hujui idadi ya raundi. Swali la kuuliza ni moja: "Kwa mwili wangu huu, kazi hii ikikamilika, nitakuwa nimelipa jumla ya kiasi gani?" Wakujibu kwa maandishi.

Kila mbinu hulipiwaje?

*Kugandisha mafuta.* Hii ndiyo inayojulikana zaidi. Chanzo chake kinavutia: zamani madaktari waliona watoto waliozoea kunyonya barafu wakipata vishimo mashavuni, ngozi ikiwa salama. Seli za mafuta huumizwa na baridi kabla ya ngozi na misuli. Kwa kufuata wazo hilo, Dieter Manstein na Rox Anderson wa Massachusetts General Hospital walichapisha utafiti wao mwaka 2008, na mwaka 2010 Marekani ikaruhusu mashine ya kwanza itumike kwa mafuta ya pembeni mwa kiuno. Baadaye yaliongezwa tumbo, mapaja na chini ya kidevu. Seli zilizokufa huondolewa na mwili polepole, kwa hiyo matokeo huonekana kati ya mwezi wa kwanza na wa tatu, pengine zaidi. Malipo ni kwa mzunguko.

*Leza ya joto.* Badala ya baridi, mwanga wa nanomita 1,060 huyapasha mafuta joto kwa dakika 25 hivi. Vichwa kadhaa hufungwa kwa mkanda kwa wakati mmoja, kwa hiyo wengine hutoza kwa kila kichwa na wengine kwa kipindi kizima. Uliza ni ipi kati ya hizo mbili.

*Mawimbi ya redio na ya sauti.* Mawimbi ya redio husaidia pia kukaza ngozi kidogo. Kwa kawaida bei ya kipindi ni ndogo kuliko ya kugandisha, lakini mara nyingi vipindi ni vingi, na hapo ndipo unafuu huyeyuka.

*Sumaku ya misuli.* Hii hubana misuli ya tumbo au makalio kwa nguvu ambayo mtu hawezi kuifikia kwa mazoezi ya kawaida. Mashine ya kwanza ya aina hii iliruhusiwa Marekani mwaka 2018. Huuzwa kama kifurushi, kwa kawaida vipindi 4 vya dakika 30, vikipishana kwa siku mbili tatu. Jambo la kukumbuka kwenye bajeti: msuli usiotumika hurudi ulivyokuwa. Kwa hiyo utaambiwa urudi kwa vipindi vya kudumisha kila baada ya miezi kadhaa, na hizo ni fedha nyingine.

*Sindano za kuyeyusha mafuta.* Dawa yenye asidi ya deoksikoliki iliidhinishwa Marekani mwaka 2015 kwa mafuta ya chini ya kidevu tu. Malipo ni kwa chupa au kwa kipindi, na idadi ya vipindi inaweza kufika 6, vikipishana kwa angalau mwezi mmoja. Uvimbe baada ya sindano huonekana wazi, kwa hiyo hesabu pia siku ambazo hutapenda kukaa mbele ya watu. Kwa mtu anayelipwa kwa siku anazofanya kazi, hiyo nayo ni gharama.

Mtu analala tu kitandani. Kwa nini iwe ghali hivyo?

Kwa sababu unalipia vitu visivyoonekana. Mashine yenyewe ni ya gharama kubwa na ina matengenezo yake. Kila mzunguko wa kugandisha hutumia shashi maalumu yenye jeli inayokinga ngozi isiungue kwa baridi, nayo ni ya kutumika mara moja na kutupwa. Watengenezaji wengine huiuzia kliniki idadi ya mizunguko, na ikiisha mashine haifanyi kazi mpaka wanunue mingine. Ongeza mafunzo ya anayekuhudumia, muda wa daktari, chumba na bima ya kliniki yenyewe.

Ukijua hivyo, bei iliyo chini mno inakupa swali la kuuliza: ni nini kilichoondolewa hapo? Inaweza kuwa ni mashine ya kuiga isiyopima vizuri joto la ngozi. Inaweza kuwa shashi ya jeli inatumika kwa mtu zaidi ya mmoja, au haitumiki kabisa. Au daktari hayupo. Ngozi iliyoungua kwa baridi huacha kovu, na kovu hutibiwa kwa fedha pia.

Simaanishi kwamba ghali ndiyo bora. Zipo kliniki zinazotoza juu kwa sababu ya sakafu inayong'aa na kahawa ya mapokezi.

Ni gharama gani ambazo hazimo kwenye tangazo?

Ada ya kumwona daktari mara ya kwanza (wengine huikata kwenye malipo ukiamua kuendelea, wengine hapana). Kodi. Dawa ya ganzi kwa sindano. Ziara ya kukaguliwa baada ya wiki kadhaa. Nauli, kama ni vipindi vingi na kliniki iko mbali. Na raundi ya pili, ambayo ni kubwa kuliko zote hizo zikijumlishwa.

Bima ya afya italipa?

Hapana, karibu kila mahali. Bima huchukulia haya kuwa ya urembo. Na mara nyingi hailipi hata matibabu ya madhara yanayotokana nayo, jambo ambalo wengi hawaliulizi kabla.

Madhara yakitokea, nani analipa?

Uliza swali hili kabla hujasaini chochote, na usione haya.

Madhara ya kawaida ni madogo na hupita yenyewe: wekundu, michubuko, uvimbe, sehemu kufa ganzi kwa siku au wiki kadhaa. Lakini kugandisha mafuta kuna dhara moja adimu ambalo kila anayelipa anastahili kulisikia. Badala ya kupungua, mafuta ya sehemu iliyogandishwa huongezeka na kuwa magumu, wakati mwingine yakichukua umbo la kichwa cha mashine kilichobandikwa. Liliripotiwa kitabibu kwa mara ya kwanza mwaka 2014. Mwaka 2021 mwanamitindo Linda Evangelista alieleza hadharani kwamba lilimpata na kumharibu umbo, akafungua kesi, na mwaka uliofuata pande mbili zikamalizana.

Makadirio ya mtengenezaji yaliwahi kuwa karibu tukio 1 kwa kila mizunguko 4,000; ripoti za baadaye za madaktari zimeonyesha viwango vya juu zaidi. Angalia pia kwamba makadirio hayo ni kwa mzunguko. Mtu aliyefanyiwa mizunguko 10 ameikaribia hatari hiyo mara 10.

Kwa upande wa fedha, uzito wake ni huu: hali hiyo haiondoki yenyewe, na kwa kawaida hurekebishwa kwa upasuaji, hasa wa kunyonya mafuta, baada ya kusubiri miezi kadhaa ili tishu zilainike. Yaani mtu aliyekuja akikimbia kisu huishia kwenye kisu, na amelipa mara mbili. Kliniki yenye uaminifu itakuambia hili yenyewe, na itakuonyesha kwenye karatasi inabeba kipi na wewe unabeba kipi.

Kwa jumla ni nafuu kuliko upasuaji wa kunyonya mafuta?

Kwa sehemu ndogo moja, kwa kawaida ndiyo. Upasuaji una gharama za daktari wa upasuaji, ganzi au nusukaputi, chumba cha upasuaji, vipimo, nguo ya kubana mwili na siku za kupumzika. Kuna pia hatari za upasuaji ambazo haziandikwi kwa fedha.

Kadiri sehemu zinavyoongezeka, pengo hupungua. Mtu anayetaka tumbo, kiuno, mgongo na mapaja kwa mashine, raundi mbili kila sehemu, anaweza kufika kwenye bei ya upasuaji au kuipita, na bado akapata badiliko dogo kuliko ambalo upasuaji mmoja ungeleta. Kama mizunguko yako imezidi 10, nenda kapate pia makadirio ya daktari wa upasuaji, hata kama hutaki kupasuliwa. Utakuwa na kitu cha kulinganishia, na hakuna anayekulazimisha kuchagua.

Matokeo yakidumu, si gharama inagawanyika kwa miaka?

Seli za mafuta zilizokufa hazirudi, hilo ni kweli. Lakini zilizobaki zinaweza kunenepa. Ukiongezeka uzito, sehemu iliyotibiwa nayo itajaa, ingawa pengine kidogo kuliko jirani zake. Kwa hiyo anayelipa wakati uzito wake bado unapanda na kushuka ananunua kitu ambacho hatakaa nacho. Subiri uzito utulie miezi kadhaa, ndipo ulipe. Mwanamke anayepanga kubeba mimba hivi karibuni, ushauri wangu ni asubiri mpaka baada ya kujifungua na kunyonyesha.

Nani asilipe kabisa?

Mwenye ugonjwa wa damu unaochochewa na baridi (kuna aina kama krayoglobulinemia) asigandishwe mafuta. Mwenye ngiri mahali panapotakiwa kutibiwa naye ajizuie. Aliye na kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo au vyuma mwilini asiende kwenye sumaku, na mwenye kitanzi cha shaba aseme mapema. Mjamzito asifanye yoyote kati ya haya.

Kama hukuulizwa maswali haya kabla ya kutakiwa kulipa, ondoka.

Nimeona sindano za kuyeyusha mafuta zikiuzwa mtandaoni kwa bei ndogo sana. Zinafaa?

Hapana, tafadhali usizinunue. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, imewahi kutoa onyo kuhusu sindano za aina hiyo zisizoidhinishwa, baada ya kupokea taarifa za watu waliopata makovu, maambukizi makali, vinundu na mabonde kwenye ngozi. Ikichomwa vibaya chini ya kidevu, hata dawa halali inaweza kugusa mshipa wa fahamu na kupindisha tabasamu kwa muda. Sasa fikiria mtu anajichoma mwenyewe kwa kutazama video, na chupa hajui ina nini.

Vifaa vidogo vya kugandishia nyumbani havina udhibiti wa joto kama wa kliniki. Ama havifanyi kitu, ama vinaunguza.

Ofa ya "leo tu" niichukue?

Haraka haraka haina baraka. Mafuta yaliyokaa mwilini miaka mitano hayana dharura ya jioni hii. Punguzo la kifurushi linaweza kuwa la kweli, kwa sababu kliniki hupunguza gharama ukifanya mizunguko mingi siku moja. Lakini punguzo hilo linapaswa kuwepo bado baada ya wewe kulala, kuamka na kufikiri. Ukikubali bila kupimwa, umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kulipa kwa awamu nako si vibaya, mradi ujue jumla ya mwisho. Chukua malipo ya kila mwezi, zidisha kwa miezi yote, ongeza ada ya kufungua mkopo, kisha linganisha na bei ya taslimu. Na angalia ratiba: mikopo mingine huendelea mwaka mzima au zaidi, wakati matokeo yameshajulikana mwezi wa tatu. Utakuwa unalipa kitu ambacho tayari umejua kama kimekufaa au la.

Nikilipia kifurushi kizima kisha nikaacha katikati, narudishiwa?

Inategemea kilichoandikwa, ndiyo maana kisome kabla. Baadhi ya kliniki hazirudishi chochote. Nyingine hurudisha, lakini kwa hesabu ambayo wateja wengi hawaitarajii: mizunguko uliyokwisha kufanyiwa huhesabiwa kwa bei ya mmoja mmoja, siyo ile ya kifurushi. Ulilipa 800 kwa mizunguko 10, ukafanya 5 kisha ukaacha. Ukidhani utarudishiwa 400, unaambiwa mizunguko 5 uliyofanya ni 100 kila mmoja, kwa hiyo zako ni 300. Uliza pia kifurushi kinaisha muda lini, na kama mizunguko iliyobaki inaweza kuhamishiwa sehemu nyingine ya mwili au kwa mtu mwingine.